MAISHA YA ÉVARISTE KIMBA, ALIYEHUKUMIWA SIKU ZA PENTEKOSTE



Kila mwaka Pentekoste inapokaribia tunasafisha mahali pa ibada, waimbaji wanarudia nyimbo zao, na kila mtu anatafuta nguo yake nyeupe. Ni sikukuu ya furaha, kwa maana siku ile Roho aliwashukia mitume na kila taifa likasikia habari njema kwa lugha yake. Lakini katika inchi yetu ya Kongo jina la Pentekoste linabeba pia kumbukumbu nyingine, ya huzuni. Wazee wetu wakisikia maneno haya, Wafia Pentekoste, wanainamisha kichwa. Wanakumbuka mwaka 1966, na watu wanne walionyongwa mbele ya watu wengi katika mji mkuu.

Vijana wetu wengi wanajua kiwanja kikubwa cha mpira cha Kinshasa kinachoitwa kwa jina la Wafia hao, lakini ukiwauliza ni akina nani, wananyamaza. Kwa hiyo tumeona vema kuandika maisha ya mmoja wao, Papa Évariste Kimba, mtoto wa Katanga. Hatumwandiki kama mtakatifu. Tutasema mema yake na tutasema pia mzigo aliobeba. Neno la Mungu halikuficha kosa la Daudi, nasi pia hatutaficha.

UTOTO WAKE

Évariste Kimba alizaliwa tarehe 16 mwezi wa saba 1926 katika kijiji cha Nsaka, upande wa Bukama. Wasomaji wetu wa Katanga wanaijua Bukama, pale reli inapokutana na mto Lualaba. Reli ilifika huko mwaka 1918 kutoka Elisabethville, yaani Lubumbashi, na tangu hapo maisha ya watu wa sehemu ile yalifungwa na gari la moshi. Baba yake Kimba naye alikuwa mtu wa kazi ya reli. Kwa kabila alikuwa Muluba wa Katanga. Jambo hilo tulishike, kwa maana litarudi mbele.

Alikulia Elisabethville na akasomea huko kwa Wakatoliki. Siku zile mji ulikuwa umegawanywa mara mbili. Upande mmoja ulikuwa wa wazungu, na upande mwingine wa weusi, waliotoka sehemu zote kutafuta kazi katika migodi ya shaba, katika reli na katika nyumba za wakubwa. Mtoto mweusi aliyejua kusoma na kuandika Kifaransa vizuri alikuwa na bahati kubwa. Kimba alikuwa mmoja wa hao.

Katika mji huohuo, ndani ya boloko, alikuwako mzee mmoja aliyeletwa kutoka Kongo ya Chini, mfungwa wa miaka 30. Mzee huyo ni Simon Kimbangu. Tarehe 3 mwezi wa kumi 1921, huko Thysville, mahakama ya kiaskari ilimhukumu kufa kwa sababu ya kusumbua usalama wa serikali. Hakuwa na wa kumtetea. Mfalme Albert alibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na mzee akakaa katika boloko ya Elisabethville mpaka alipofariki tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Kimba alikuwa na miaka 25 wakati huo. Hatusemi kwamba walionana. Tunasema tu kwamba mji ule ulikuwa umekwisha kuona mtu akifungwa maisha yake yote kwa hukumu ya askari, na kwamba kijana yule alitembea katika njia za mji huo bila kujua kwamba hukumu ya namna hiyo ilimngoja yeye pia.

MWANDISHI WA GAZETI

Mwaka 1954 Kimba aliingia katika gazeti la Essor du Congo, gazeti kubwa la Elisabethville. Lilikuwa gazeti la wazungu, nalo lilisomwa na wakubwa wa serikali na wa makampuni. Mtu mweusi kuandika humo halikuwa jambo dogo. Kimba alifanya kazi kwa bidii, naye akapanda mpaka akawa mkuu wa waandishi.

Kazi ya gazeti ilimfungulia milango. Alijua nani ni nani, alijua kusikiliza, alijua kupanga maneno. Waliomwona baadaye katika siasa waliona tabia hiyo: hakuwa mtu wa kupiga kelele mbele ya watu, bali mtu wa kukaa mezani na kuzungumza.

Mwaka 1958 siasa ilianza kuchemka. Katika uchaguzi wa miji wa mwaka 1957 watu waliotoka Kasai walikuwa wamepata nafasi nyingi za juu katika miji ya Katanga, na wenyeji walinung'unika. Ndipo Kimba na wenzake walianzisha umoja wa mashirika ya makabila ya Katanga, ulioitwa CONAKAT. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Moïse Tshombe. Baluba wengi wa Katanga walitoka katika umoja huo na kumfuata Jason Sendwe katika chama cha Balubakat. Kimba, ingawa alikuwa Muluba, alibaki upande wa Tshombe.

Hapa tunasimama kidogo. Kunung'unika kwa mwenyeji anayeona mgeni akila kabla yake ni jambo linaloeleweka. Lakini mbegu iliyopandwa wakati ule ilizaa matunda machungu. Sisi tulio wakubwa tuliona mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wa Kasai wakifukuzwa katika nyumba zao, wakilala kwenye gare ya Likasi na watoto wao, wakingoja gari la moshi, na wengine wakifa kabla halijafika. Siasa ya kusema huyu ni wa hapa na yule si wa hapa haikuanza mwaka 1992. Waliopanda mbegu hawakujua mti utakuwa mkubwa namna gani.

WAZIRI WA KATANGA

Tarehe 30 mwezi wa sita 1960 Kongo ilipata uhuru. Siku 11 tu baadaye, tarehe 11 mwezi wa saba, Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga na kuwa inchi peke yake. Kimba alifanywa waziri wa mambo ya inchi za kigeni. Alikuwa na miaka karibu 34.

Kazi yake ilikuwa ngumu. Hakuna inchi hata moja duniani iliyokubali rasmi kwamba Katanga ni inchi. Waziri huyo alisafiri, alikaa katika mikutano, alizungumza na watu wa Umoja wa Mataifa na wa serikali ya Léopoldville. Zilikuwa siku za mazungumzo yasiyokwisha. Mwezi wa tatu 1961 viongozi walikutana Tananarive, kule Madagaska. Mwezi uliofuata walikutana Coquilhatville, na huko Tshombe alikamatwa akakaa kizuizini kama miezi miwili. Mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule yalifanyika mapatano ya Kitona. Kila mara watu waliweka sahihi, na kila mara vita vilirudi.

Wakati huohuo, kaskazini ya Katanga, askari wa Tshombe walipigana na Baluba waliokataa kujitenga. Vijiji vilichomwa, watu wengi walikufa. Kimba alikuwa waziri wa serikali iliyopigana na watu wa damu yake mwenyewe. Tunafikiri jambo hili lilimkaa moyoni, kwa maana baadaye alitoka upande huo.

DAMU YA TAREHE 17 MWEZI WA KWANZA 1961

Wapendwa, hatuwezi kuruka jambo hili. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, Patrice Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliletwa Elisabethville kwa ndege wakiwa wamefungwa na wamepigwa sana. Usiku ule walipelekwa porini na kuuawa kwa risasi, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Mwezi uliofuata serikali ya Katanga ilitangaza kwamba walitoroka wakauawa na watu wa kijiji. Ulikuwa uongo. Kimba alikuwa waziri katika serikali hiyo. Hakujiuzulu.

Lumumba hakupelekwa mbele ya hakimu. Hakuna aliyesoma mashitaki, hakuna aliyemuuliza neno. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika mwezi wa kwanza 1960, Wabelgiji walikuwa wamemhukumu huko Stanleyville miezi sita ya boloko, kwa kosa la kuchochea fujo, wakamtoa baada ya siku chache ili aende Bruxelles kwenye mkutano wa meza ya duara. Mkoloni alimpa angalau hakimu. Ndugu zake hawakumpa hata hicho.

Na waliompeleka Katanga ni nani? Ni watu wa Léopoldville, na kati yao alikuwa mkuu wa jeshi, kolonel Joseph-Désiré Mobutu, ambaye askari wake ndio waliomkamata Lumumba. Shikeni jina hilo, wapendwa.

MWEZI MMOJA WA KUWA WAZIRI WA KWANZA

Mwezi wa kwanza 1963 askari wa Umoja wa Mataifa walimaliza kujitenga kwa Katanga. Tshombe alikimbilia Ulaya. Kimba alibaki, akapata kazi ya waziri katika serikali ya jimbo. Njia yake na ya Tshombe ziliachana. Mwaka 1964 Tshombe aliitwa kutoka Ulaya na kufanywa waziri wa kwanza wa Kongo yote, wakati wa vita vya waasi wa mashariki, lakini Kimba hakurudi chini yake. Alisogea karibu na ndugu zake Baluba waliompinga Tshombe.

Mwaka 1965 ulifanywa uchaguzi. Muungano wa Tshombe, CONACO, ulipata viti vingi. Rais Joseph Kasa-Vubu aliona hatari, kwa maana uchaguzi wa rais ulikuwa unakaribia na Tshombe alikitaka kiti chake. Tarehe 13 mwezi wa kumi 1965, mbele ya bunge, Kasa-Vubu alitangaza kwamba kazi ya Tshombe imekwisha. Mahali pake akamtaja Évariste Kimba. Alichagua mtu wa Katanga amwondoe mtu wa Katanga, ili Katanga isiseme imesahauliwa.

Kimba alikusanya serikali yenye watu wa vyama vingi na sehemu nyingi za inchi. Katika siku zake Kongo ilianza kutafuta urafiki tena na inchi jirani za Afrika zilizokasirika kwa sababu ya askari wazungu wa kukodiwa walioletwa na Tshombe. Kasa-Vubu alikwenda Accra, kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika, akasema kwamba askari hao watarudishwa kwao. Wakubwa wa jeshi hawakupendezwa.

Tarehe 14 mwezi wa kumi na moja bunge lilipiga kura juu ya serikali ya Kimba. Waliomkubali walikuwa 121, waliomkataa 134. Kwa kura 13 tu alianguka. Kasa-Vubu hakukubali kumwita mtu mwingine. Alimtaja Kimba tena. Bunge upande mmoja, rais upande mwingine, na hakuna aliyetaka kusogea. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 wakubwa wa jeshi walikutana, na asubuhi redio ikatangaza kwamba Mobutu ametwaa utawala. Kasa-Vubu akaondoka, na Kimba akaondoka. Kolonel Léonard Mulamba ndiye aliyefanywa waziri wa kwanza. Mobutu alisema atakaa miaka mitano. Alikaa zaidi ya 31.

SIKU NNE ZA PENTEKOSTE

Sasa tunafika kwenye kiini cha habari yetu.

Mwanzoni watu wengi walimshangilia Mobutu, kwa maana walikuwa wamechoka na magomvi ya wanasiasa. Lakini mwezi wa tatu 1966 alilinyang'anya bunge kazi yake ya kutunga sheria. Wanasiasa wa zamani walibaki bila kazi, wakinung'unika katika nyumba zao. Maofisa wengine wa jeshi wakaanza kuwaendea kwa siri, wakiwaambia kwamba jeshi nalo limechoka, kwamba saa ya mabadiliko imekaribia, na kwamba watahitajika watu wa kuunda serikali mpya. Waliowasikiliza hawakujua kwamba maofisa hao walikuwa wakipeleka kila neno kwa Mobutu.

Pentekoste ya mwaka 1966 iliangukia Jumapili, tarehe 29 mwezi wa tano. Usiku ule watu wanne walikwenda kwenye mkutano na maofisa. Wa kwanza alikuwa Évariste Kimba. Wa pili Jérôme Anany, aliyekuwa waziri wa ulinzi katika serikali ya Cyrille Adoula. Wa tatu Emmanuel Bamba, aliyekuwa waziri wa fedha katika serikali hiyohiyo, naye alijulikana kama mtu wa Kanisa la Kimbangu. Wa nne Alexandre Mahamba, aliyekuwa waziri wa ardhi katika serikali ya Lumumba. Kabla ya mapambazuko ya Jumatatu walikuwa wamefungwa.

Angalieni watu hao, wapendwa. Mmoja alitumikia Katanga ya Tshombe, mwingine alitumikia serikali ya Lumumba. Miaka mitano kabla yake wangekuwa maadui. Boloko moja iliwaunganisha.

Redio ilitangaza kwamba walitaka kumwua Mobutu na waziri wa kwanza Mulamba. Haraka ikaundwa mahakama ya kiaskari kwa ajili yao, ingawa wao hawakuwa askari. Jumanne tarehe 31 walisimamishwa nje, katika kambi ya askari, mbele ya umati mkubwa. Waamuzi walikuwa maofisa watatu. Washitakiwa hawakupewa avoka. Hawakuruhusiwa kuita mashahidi wao. Walikana kwamba walikusudia kuua mtu. Walieleza kwamba maofisa ndio waliowatafuta, lakini maelezo yao hayakuwa na mahali pa kuingia. Kesi haikufikisha hata nusu ya siku. Waamuzi waliondoka kwa dakika chache tu, wakarudi na hukumu: kifo, kwa wote wanne.

Tupime jambo hili. Mama mmoja akiibiwa kuku sokoni, mzee wa mtaa atachukua asubuhi nzima kusikiliza maneno ya huyu na ya yule. Hapa ilikuwa damu ya watu wanne, na muda uliotolewa haukufika hata ule wa kuku.

Walioomba huruma walikuwa wengi. Papa Paulo wa Sita aliomba kutoka Roma. Serikali za kigeni ziliomba. Wake na watoto walilia. Mobutu alikataa. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba alitaka kutoa mfano ambao watu hawatausahau, ili wajue kwamba mkubwa akisema, amesema.

Alhamisi tarehe 2 mwezi wa sita 1966, mahali palipoitwa Pont Cabu, mti wa kunyongea ulisimamishwa. Watu walifika maelfu kwa maelfu, na watoto kati yao. Kimba alitangulia. Wenzake walimfuata mmoja mmoja. Alikuwa na miaka 39. Mwezi uliofuata angetimiza 40. Wale waliokuwa pale na waliotusimulia, tulipokuwa watoto, walisema kwamba walikwenda kama watu wanaokwenda kutazama mchezo na walirudi kimya, na kwamba chakula kilikataa kupita kooni. Tangu siku ile Kongo ilijifunza kusema kwa sauti ya chini.

BAADA YA KIFO CHAKE

Tarehe 30 mwezi wa sita 1966, hata mwezi mmoja haujatimia, Mobutu alisimama kwenye sikukuu ya uhuru na kumtangaza Patrice Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Mkono uliomfunga Lumumba ulimpa taji. Na Kimba, aliyekaa katika serikali iliyomwua Lumumba, alikuwa amekwisha kuuawa, lakini kwa shauri lingine kabisa. Hakuna hakimu aliyemuuliza juu ya damu ya 1961. Kama angeulizwa, labda angetaja majina, na kati ya majina hayo lingekuwamo la mwenye kumhukumu. Hivi ndivyo hukumu ya uongo inavyofanya: inaua mtu, na ukweli wake inauzika pamoja naye.

Wengine walifuata. Mwezi wa tatu 1967 Tshombe alihukumiwa kufa akiwa mbali, huko Ulaya. Mwaka huohuo ndege yake ilitekwa na kupelekwa Algeria, naye akafia kizuizini huko mwaka 1969. Kasa-Vubu alifariki Boma mwaka 1969, amesahauliwa. Pierre Mulele alirudi mwaka 1968 akiamini neno la msamaha, akauawa. Mobutu mwenyewe alikimbia mwaka 1997 na kufia Morocco, mbali na kaburi la mama yake.

Pale Pont Cabu kilijengwa kiwanja kikubwa cha mpira, kilichofunguliwa mwaka 1994 kwa jina la Kamanyola. Mwaka 1997, Mobutu alipoondoka, kilipewa jina la Wafia Pentekoste. Familia za Kimba na za Mahamba hazikuchoka. Zilipeleka shauri mbele ya Mahakama Kuu ya Kiaskari, zikiomba hukumu ile ifutwe.  Mwaka 2011 mahakama ililisikiliza shauri hilo. Ilichukua dakika chache kuwahukumu na miaka 45 familia zao kusikilizwa. Wajane wengine hawakuishi kuisikia siku hiyo.

TUNAJIFUNZA NINI

Kwanza, tunajifunza juu ya hukumu. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 17 na ya 19, Mungu aliagiza mtu asiuawe kwa neno la shahidi mmoja, na waamuzi wachunguze kwa bidii. Katika Yohana sura ya 7 Nikodemo, mtu mwoga aliyekuja kwa Yesu usiku, alipata moyo wa kuwauliza wakubwa kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikia. Swali hilo moja, lingeulizwa na mtu mmoja tu katika kambi ile mwaka 1966, lingetosha kuwaaibisha. Hakuna aliyeuliza.

Lakini tusiwanyoshee kidole maaskari peke yao. Na sisi katika makusanyiko yetu tunafanya kesi za dakika chache. Mtu anaota ndoto, anasimama na kusema bibi fulani ndiye aliyemfunga mtoto, au mtoto fulani ana uchawi. Je, tunamwita anayeshitakiwa? Tunamsikia? Tunatafuta shahidi wa pili? Mara nyingi jioni hiyohiyo mama mzee ametolewa katika nyumba, mtoto analala sokoni, na sisi tunaimba. Hakuna kamba, lakini mtu amenyongwa. Roho wa Pentekoste alikuja ili kila mtu asikie kwa lugha yake; hakuja ili mtu mmoja aseme na mwingine afungwe kinywa. Tunawaomba wazee wa kanisa na wenye karama ya maono washike hili: neno lolote juu ya mtu lisikilizwe mbele ya mtu huyo, naye apewe nafasi ya kujibu, na awepo mwingine wa kumsaidia kusema.

Pili, tunajifunza juu ya umati. Wale wa Pont Cabu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamama wa soko, wafanyakazi, wanafunzi. Walikwenda kwa sababu wengine walikwenda. Ni watu wa namna hiyohiyo waliochagua Baraba. Kijana wangu, ukisikia kelele za wengi wanaomfuata mtu mmoja, iwe ni mwizi, iwe ni mchawi, iwe ni mtu wa kabila lingine, usikimbie upande ule. Kama huwezi kumwokoa, angalau usiwe macho ya kuongeza aibu yake.

Tatu, tunajifunza juu ya kunyamaza. Kimba alikuwa mtu wa kalamu. Alijua nguvu ya neno. Mwezi wa pili 1961, serikali yake iliposema uongo juu ya kifo cha Lumumba, yeye alinyamaza. Miaka mitano baadaye uongo ulisemwa juu yake, na wale waliojua kweli walinyamaza pia. Hatusemi kwamba Mungu alimlipa. Kuhesabu hivyo si kazi yetu, na waliouawa pamoja naye hawakuwa na hesabu hiyo. Tunasema tu kwamba anayeuacha uongo upite mlangoni mwa jirani, siku moja ataukuta umeketi nyumbani mwake.

Mtauliza basi kama tunamwombolezea mtu mwenye hatia au mtu asiye na hatia. Tunajibu kwamba hukumu ya haki haitolewi kwa watu wema peke yao. Nabothi wa Yezreeli alikuwa na shamba lake na mikono safi, naye aliuawa kwa mashahidi wa uongo. Kimba hakuwa Nabothi. Alikuwa na mambo ya kujibu mbele ya Mungu na mbele ya Kongo. Lakini alistahili kuulizwa mambo yake ya kweli, kwa sauti ya utulivu, mbele ya hakimu asiyeogopa. Alinyimwa hayo, nasi pia tulinyimwa majibu yake. Hasara ile si ya familia yake tu.

Kwa hiyo, wapendwa, Pentekoste hii tunapovaa nguo zetu nyeupe, tuwataje kwa majina yao: Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba, Alexandre Mahamba. Tuwataje pia Lumumba, Mpolo na Okito. Na kabla ya kuondoka katika ibada, kila mmoja amkumbuke mtu aliyemhukumu bila kumsikia, amwendee nyumbani kwake, aketi chini, amsikilize.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.